Bonge la damu kwenye mapafu linapohatarisha maisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mgonjwa na ndugu zake, na pia kwa mganga au muuguzi wa hospitali ndogo anayempokea mgonjwa wa aina hii usiku bila daktari bingwa karibu. Dozi zote zilizotajwa ni za watu wazima. Mgonjwa asijipangie wala kujibadilishia dozi kwa kusoma hapa.

Bonge linatoka wapi?

Mara nyingi mguuni. Damu huganda ndani ya mishipa mikubwa iliyojificha kwenye misuli ya kigimbi, paja au nyonga. Kipande kikikatika hupanda na damu inayorudi moyoni, kikapita upande wa kulia wa moyo, kikanasa kwenye ateri ya mapafu. Wanaopatwa zaidi ni waliofanyiwa upasuaji au kulazwa kwa siku nyingi, waliovunjika mguu na kufungwa plasta, wenye saratani, wajawazito na waliojifungua ndani ya wiki 6, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, wenye selimundu, na wenye TB au VVU, hasa wakiwa wamedhoofu na kulala muda mrefu. Wapo pia ambao chanzo hakionekani kabisa.

Mguu usiovimba hauondoi tatizo. Huenda bonge lote limeshahama.

Dalili zipi zinadai hospitali saa hiyo hiyo?

Kukosa pumzi kwa ghafla, maumivu ya kifua yanayochoma unapovuta pumzi, moyo kwenda mbio, kukohoa damu, kuzimia. Kuzimia pamoja na kukosa pumzi ndiko kubaya kuliko yote, kwa sababu huonyesha kwamba kwa muda fulani damu haikufika ya kutosha kwenye ubongo. Mgonjwa wa namna hii asipandishwe bodaboda, na asitembezwe kutoka getini hadi mapokezi. Aletewe kiti cha magurudumu au machela.

Wengi huchelewa kwa sababu hutibiwa kwanza nimonia, pumu au "presha ya kupanda". Mapafu yakisikika safi kwa stethoskopu huku oksijeni iko chini na moyo unakwenda mbio, bonge liwe miongoni mwa mambo ya kwanza kufikiriwa.

Bonge kubwa ndilo hatari zaidi?

Si lazima. Kinachoamua tiba ni namna moyo wa kulia unavyomudu mzigo, na kipimo chake cha kwanza ni presha. Bonge dogo kwa mtu ambaye moyo wake ulikuwa dhaifu laweza kumuua. Kijana mwenye afya anaweza kuwa na mabonge pande zote mbili na bado akaongea nawe.

Hatari kubwa ni pale ambapo namba ya juu ya presha iko chini ya 90 kwa dakika 15 au zaidi, au imeshuka kwa 40 au zaidi kutoka kawaida ya mgonjwa na kubaki hivyo, au presha haisimami bila dawa ya kuipandisha, au moyo umesimama. Kabla ya kulilaumu bonge, hakikisha kushuka huko hakutokani na kupoteza damu, maambukizi makali au mapigo yaliyovurugika.

Hapa wengi huteleza. Mtu ambaye siku zote presha yake ni 160 akifika na 110, jedwali la wodini linaonyesha namba nzuri na watu wanatulia. Lakini ameshuka kwa 50. Yumo kwenye kundi la hatari kubwa. Waulize ndugu, au angalia kadi yake ya kliniki.

Hatari ya kati ni presha iliyosimama vizuri huku ekho (ultrasaundi ya moyo) au CT (picha ya mionzi ya tabaka kwa tabaka) ikionyesha chumba cha kulia cha moyo kimetanuka. Troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia) ikiwa juu pia, mgonjwa yuko ngazi ya juu ya kundi hilo na anahitaji kuangaliwa kwa karibu kwa siku 2 hadi 3 za mwanzo, maana hapo ndipo wengine hugeuka ghafla. Mapigo ya moyo yakizidi namba ya juu ya presha, mfano mapigo 125 na presha 105, usisubiri ishara nyingine.

Waliobaki ni hatari ndogo.

Vipimo gani vinahitajika, na je, kama CT haipo?

Kipimo chenye uhakika ni CT ya mishipa ya mapafu inayopigwa kwa dawa ya rangi. D-dima, kipimo cha damu cha mabaki ya bonge linalomeng'enywa, ina kazi moja: kuondoa wasiwasi kwa mtu ambaye tangu mwanzo uwezekano wake ni mdogo. Ikiwa chini ya 500 kwa mtu huyo, bonge halitegemewi. Kwa aliyezidi miaka 50, kikomo ni umri wake mara 10, kwa hiyo mzee wa miaka 72 kikomo chake ni 720. Ikiwa juu, haithibitishi chochote. Hupanda kwa ujauzito, maambukizi, saratani, upasuaji, hata kwa kulazwa tu. Kuipima kwa mgonjwa aliye kwenye mshtuko (presha imeporomoka) ni kupoteza muda.

Mgonjwa ambaye presha haishiki asisukumwe kwenda CT ya jengo la pili. Apigwe ekho kitandani. Chumba cha kulia kikionekana kimevimba na kuubana upande wa kushoto, na hakuna sababu nyingine ya mshtuko, hiyo inatosha kuanza tiba. Kama hakuna wa kupiga ekho, ultrasaundi ya mguu inayoonyesha mshipa wa paja usiobanika chini ya kifaa ni ushahidi mzuri, na kifaa hicho mara nyingi kipo hata hospitali ya wilaya.

ECG (kipimo cha umeme wa moyo) husaidia kidogo. Mara nyingi huonyesha mapigo ya haraka tu. Kazi yake kubwa ni kutafuta kama tatizo si bonge la mapafu bali ni mshtuko wa moyo (ateri ya moyo wenyewe kuziba). Eksirei ya kifua ikitoka safi isimtulize mtu.

Dawa ya kwanza ni ipi, na ianze lini?

Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ianze pale unaposhuku kwa nguvu, kabla ya majibu ya CT, mradi mgonjwa havuji damu. Mwaka 1960 Barritt na Jordan, huko Bristol, Uingereza, walilinganisha waliopewa dawa ya kuzuia kuganda na wasiopewa: kati ya 19 wasiopewa, 5 walikufa kwa bonge la mapafu, kati ya 16 waliopewa hakufa hata mmoja kwa sababu hiyo. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini tangu hapo hakuna aliyethubutu kuurudia kwa kumnyima mtu dawa.

Heparini haiyeyushi bonge. Inazuia lisikue na lisizaliwe lingine, huku mwili wenyewe ukilimeng'enya kwa siku na wiki.

Kwa mgonjwa ambaye presha imesimama, chaguo bora ni enoksaparini, aina ya heparini: miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, chini ya ngozi, kila saa 12. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 60 asubuhi na 60 usiku. Figo zikiwa dhaifu sana (uwezo wa kuchuja kriatinini chini ya mililita 30 kwa dakika), dozi hiyo hiyo hutolewa mara moja tu kwa siku. Kosa la kawaida ni kumpa kila mtu miligramu 40 mara moja kwa siku. Hiyo ni dozi ya kumkinga mtu aliyelazwa. Haitibu bonge lililokwisha kufika kwenye mapafu.

Kwa mgonjwa wa hatari kubwa, au anayeweza kuhitaji dawa ya kuyeyusha, au mwenye figo mbovu, heparini ya kawaida ya dripu ina faida kwa kuwa hukatika haraka ukiizima. Huanza kwa yuniti 80 kwa kilo kwa mkupuo, kisha yuniti 18 kwa kilo kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60 ni yuniti 4,800, halafu 1,080 kwa saa. Ukiweka yuniti 25,000 kwenye chupa ya mililita 500, kila mililita ina yuniti 50, kwa hiyo dripu iende mililita 21.6 kwa saa. Kipimo cha aPTT (muda ambao damu inachukua kuganda) kirudiwe baada ya saa 6, na lengo ni mara 1.5 hadi 2.5 ya kawaida.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza ni kichupa: kipo cha yuniti 1,000 kwa mililita na kipo cha 5,000 kwa mililita, na kwa haraka vinafanana. Wasome watu wawili, kwa sauti. La pili ni dripu bila pampu. Mililita 21.6 kwa saa kwa mrija wa kawaida wa matone 20 kwa mililita ni kama matone 7 kwa dakika. Mgonjwa akikunja mkono tu hesabu imevurugika. Pasipo pampu wala aPTT, toa enoksaparini.

Tena, mpime uzito. Kukadiria kwa macho ndiko kunakozaa dozi pungufu kwa wanene na dozi ya kumtoa damu mwembamba.

Presha iko chini. Nimfungulie maji ya kutosha?

Hapana. Chumba cha kulia cha moyo kina ukuta mwembamba, kimezoea kusukuma kwa shinikizo dogo. Bonge likiziba mbele yake, kinatanuka kama mpira wa baiskeli uliojazwa kupita kiasi na kuusukuma ukuta wa kati kuelekea kushoto. Upande wa kushoto unakosa nafasi ya kujaa, presha inashuka, na moyo wa kulia wenyewe unakosa damu ya kuulisha. Ukiongeza lita mbili za maji unaongeza utanuzi huo. Kikomo ni mililita 500, taratibu, na hiyo kwa mgonjwa ambaye mishipa ya shingo haijajaa.

Kinachosaidia ni noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, mapema, mikrogramu 0.2 hadi 1 kwa kilo kwa dakika. Inaweza kuanzia kwenye kanula kubwa nzuri ya mkononi wakati njia ya kati (mrija wa mshipa mkubwa wa shingoni au nyonga) ikitafutwa. Mkono ukaguliwe mara kwa mara, maana dawa hii ikivujia nje huua nyama.

Oksijeni apewe kila aliye chini ya asilimia 90. Kumlaza kwa dawa na kumwekea mashine ya kupumulia liwe jambo la mwisho. Dawa za usingizi hushusha presha, na mashine huongeza shinikizo kifuani; wagonjwa hawa husimama moyo dakika chache baada ya mrija kuingia. Kama hakuna budi, noradrenalini iwe inakwenda tayari kabla ya dawa ya usingizi.

Nani anapewa dawa ya kuyeyusha bonge?

Mgonjwa wa hatari kubwa asiye na kizuizi, na yule aliyeanza na presha nzuri kisha akazorota akiwa kwenye heparini. Hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, ingawa bado inaweza kusaidia hadi siku 14.

Alteplasi ndiyo inayotajwa zaidi: miligramu 100 ndani ya saa 2, yaani 10 kwa mkupuo wa dakika 1 hadi 2 na 90 zilizobaki kwa dripu. Aliye chini ya kilo 65 asizidi miligramu 1.5 kwa kilo, kwa hiyo wa kilo 50 anaishia 75. Unga wa miligramu 50 huchanganywa na mililita 50 za maji ya sindano yaliyokuja nao. Zungusha kichupa polepole, usitikise, kitatoa povu. Kamwe usiichanganye na glukosi.

Streptokinasi ni rahisi zaidi na bado ipo kwenye hospitali kadhaa: yuniti milioni 1.5 ndani ya saa 2. Kuna utaratibu wa zamani wa 250,000 kwa nusu saa, halafu 100,000 kila saa kwa saa 12 hadi 24, lakini kwa mtu aliye kwenye mshtuko saa 24 ni nyingi mno. Ina kasoro mbili: yenyewe hushusha presha, hasa ikikimbizwa, na aliyewahi kuipata asipewe tena kwa sababu ya kingamwili na mzio. Heparini izimwe wakati streptokinasi inakwenda.

Tenekteplasi ni sindano moja ya sekunde 5 hadi 10 kwa uzito: miligramu 30 chini ya kilo 60, 35 kwa kilo 60 hadi 69, 40 kwa 70 hadi 79, 45 kwa 80 hadi 89, na 50 kuanzia 90. Suuza mrija kwanza kama ulikuwa na glukosi. Ikikutana nayo inaganda hapo hapo.

Kabla ya kuanza: kanula mbili kubwa kwenye mikono, mahali panapoweza kubanwa. Damu ya kupima kundi, wingi wa damu na chembe sahani ichukuliwe sasa. Mpira wa mkojo, kama unahitajika, uwekwe kabla. Baada ya hapo hakuna sindano ya msuli, hakuna kuchoma ateri, hakuna kujaribu mshipa wa shingoni au chini ya mtulinga. Presha na fahamu vikaguliwe kila dakika 15 wakati dawa inakwenda na saa inayofuata, kisha kila nusu saa. Maumivu mapya ya kichwa, kutapika, ulimi mzito au mkono kulegea: zima dripu kwanza, halafu mpeleke CT ya kichwa.

Kama alichomwa enoksaparini ya kila saa 12, heparini ya dripu isianze hadi saa 12 zipite tangu sindano ya mwisho.

Nani asipewe?

Aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo au kupata kiharusi kisichojulikana aina yake. Aliyepata kiharusi cha kuziba ndani ya miezi 6. Mwenye uvimbe kwenye ubongo. Aliyeumia vibaya, kufanyiwa upasuaji mkubwa au kuumia kichwa ndani ya wiki 3. Mwenye ugonjwa wa kutoganda damu. Anayevuja damu sasa hivi. Hedhi ya kawaida haimo.

Vipo vizuizi vya kupima uzito wake: presha isiyoshuka chini ya 180, vidonda vya tumbo vilivyo hai, ini lililochoka, ujauzito na wiki ya kwanza baada ya kujifungua, kuwa kwenye warfarini (kidonge cha kuzuia kuganda). Hivi humzuia mgonjwa ambaye presha yake imesimama. Kwa anayekufa mbele yako hesabu hubadilika, na hata orodha ya kwanza huweza kuvukwa pale ambapo hakuna upasuaji wala njia nyingine. Uamuzi huo uandikwe kwenye faili na ndugu waelezwe kwa lugha nyepesi kabla ya dawa kuingia, si baada ya damu kutoka.

Moyo umetanuka lakini presha ni nzuri. Kwa nini msimyeyushie mapema?

Kwa sababu imejaribiwa. Utafiti wa PEITHO, uliochapishwa 2014, uliwachukua wagonjwa 1,006 wa aina hii hasa, nusu wakapata tenekteplasi na heparini, nusu heparini peke yake. Kufa au kuporomoka kwa presha ndani ya siku 7 kulitokea kwa asilimia 2.6 dhidi ya 5.6. Kiharusi, kikiwa karibu chote cha kuvuja damu, kilikuwa asilimia 2.4 dhidi ya 0.2. Ulichookoa kwenye mapafu ulikilipa kwenye ubongo, na wazee zaidi ya miaka 75 ndio waliolipa zaidi. Ndiyo maana mgonjwa huyu hupewa heparini kamili, hulazwa mahali penye mashine ya kufuatilia mapigo, na dawa ya kuyeyusha hukaa tayari kwa ajili yake bila kufunguliwa.

Moyo ukisimama?

Kandamiza kifua kama kawaida. Ukishuku kwa nguvu ni bonge, toa alteplasi miligramu 50 kwa mkupuo, na unaweza kurudia baada ya dakika 15, au tenekteplasi kwa uzito. Ukishaitoa usikate tamaa baada ya dakika 20. Dawa inahitaji muda, na ukandamizaji uendelee dakika 60 hadi 90. Panga watu wa kupokezana.

Dawa imeshindikana au hairuhusiwi. Kuna nini kingine?

Kuna katheta (mrija mwembamba) inayopitishwa kwenye mshipa wa nyonga hadi kwenye mapafu, ikalinyonya bonge au kulidondoshea dawa kidogo papo hapo. Kuna upasuaji wa kifua wa kulitoa kwa mkono, mgonjwa akiwa kwenye mashine ya moyo na mapafu. Daktari wa upasuaji Friedrich Trendelenburg aliujaribu Leipzig, Ujerumani, mwaka 1908 bila mashine hiyo na hakumpata aliyepona. Wa kwanza kupona alikuwa mgonjwa wa daktari Martin Kirschner, 1924. Leo hufanyika palipo na timu ya upasuaji wa moyo, kama ilivyo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa hospitali ya mkoa swali la kweli ni kama atafika. Piga simu kwanza, mpe heparini, na asafiri na oksijeni ya kutosha safari nzima pamoja na mtu anayejua kukandamiza kifua. Ambulansi yenye dereva peke yake haifai.

Kichujio cha kunasa mabonge kinachowekwa kwenye mshipa mkuu wa tumbo ni kwa wachache: wasioweza kabisa kupewa dawa ya kuzuia kuganda, au waliopata bonge jipya wakiwa kwenye dozi sahihi. Kitolewe mara dawa ikiruhusiwa. Kikisahaulika huanza chenyewe kuziba mshipa.

Damu ikitoka wakati wa tiba?

Zima dawa, bana panapobanika, angalia wingi wa damu. Heparini huondolewa nguvu kwa protamini, miligramu 1 kwa kila yuniti 100 zilizoingia katika saa 2 hadi 3 zilizopita, isizidi miligramu 50 kwa mara moja, tena polepole. Warfarini hurudishwa na vitamini K ya mshipani pamoja na vigandishi vilivyokolezwa, au plazma iliyogandishwa kwa baridi pale visipopatikana. Michubuko tumboni palipochomwa enoksaparini ni kawaida na haihitaji kuacha dawa.

Chembe sahani zipimwe kuanzia siku ya 5 ya heparini. Zikishuka kwa nusu au zaidi, huenda heparini yenyewe imeleta kingamwili zinazogandisha damu. Isimamishwe, na enoksaparini isiwe mbadala wake, maana ni ndugu yake.

Vidonge gani baadaye?

Rivaroksabani: miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja kwa siku. Lazima na chakula. Bila chakula sehemu kubwa haifyonzwi. Chai ya rangi na andazi moja si chakula cha kutosha. Apiksabani: miligramu 10 mara mbili kwa siku 7, kisha 5 mara mbili, na chakula si sharti. Balaa hutokea siku ya 8 au ya 22, mgonjwa asipoelezwa na akaendelea na dozi kubwa, au pakiti ya kwanza ilipokwisha akadhani amemaliza tiba. Andika tarehe ya kubadilisha juu ya boksi kwa kalamu.

Warfarini ni ya bei nafuu na inafanya kazi, ila inataka kipimo. Huanza sambamba na heparini, mara nyingi miligramu 5, na heparini haikatwi hadi siku 5 zipite na INR (kipimo cha damu kinachoonyesha nguvu ya warfarini) ibaki 2 au zaidi kwa saa 24. Kumruhusu mgonjwa siku ya 3 na warfarini peke yake ni kosa kubwa: siku hizo za mwanzo hana kinga, na anaweza hata kuganda zaidi. Lengo ni INR 2 hadi 3.

Niache mchicha na kisamvu?

Usiache. Kula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, na dozi yako hupangwa juu ya mlo wako. Anayeharibikiwa ni yule anayekula mboga kila siku mjini halafu anakwenda kijijini mwezi mzima kula nyama na ugali, au kinyume chake. Kwa rivaroksabani na apiksabani mboga hazihusiki.

Dawa ndizo za kuogopa. Flagyl, Septrin, flukonazo na siprofloksasini hupandisha INR ndani ya siku chache. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za dukani huongeza kuvuja damu kwa dawa zote hizi. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Tangawizi na kitunguu saumu vya kupikia havina shida, lakini vidonge na unga wake wa "kusafisha damu" acha.

Na mwenye TB au VVU?

Rifampisini huichakaza rivaroksabani na apiksabani kiasi kwamba hazitegemeki; visitumike pamoja. Kinachobaki ni enoksaparini au warfarini, na warfarini hiyo huenda ikahitaji kupandishwa mara mbili, tatu au zaidi, kwa INR ya kila wiki. Hatari kubwa iko mwishoni: TB ikipona na rifampisini ikikoma, ini hurudi kawaida ndani ya wiki chache na dozi ile ile ya warfarini inageuka ya kumtoa damu. Kliniki ya TB na ya INR ziwasiliane wiki hiyo.

Dolutegravir, dawa ya VVU, haina mgongano wa maana na dawa hizi. Dawa za VVU zenye ritonavir huipandisha rivaroksabani na apiksabani. Hapo warfarini ni salama zaidi.

Mjamzito atibiwe vipi?

Enoksaparini kwa uzito, hadi kujifungua na angalau wiki 6 baada yake, jumla isipungue miezi 3. Warfarini hudhuru mtoto tumboni, na vidonge vipya (rivaroksabani na apiksabani) haviruhusiwi. Sindano isitolewe ndani ya saa 24 kabla ya ganzi ya mgongo. Akishajifungua, warfarini inaruhusiwa hata akinyonyesha. CT isicheleweshwe kwa kuogopa mionzi. Bonge lisilotibiwa ni hatari zaidi kwa wote wawili.

Nitumie dawa kwa muda gani?

Hakuna anayeacha kabla ya miezi 3. Kama chanzo kilikuwa wazi na kimepita, mfano upasuaji wa goti, miezi 3 inatosha. Bila chanzo, au bonge likirudi, au saratani ikiwa bado hai, dawa huendelea bila tarehe ya mwisho na hupitiwa kila mwaka. Baada ya miezi 6 wengi hushushwa hadi apiksabani 2.5 mara mbili au rivaroksabani 10 mara moja. Mwenye kingamwili za antifosfolipidi (zinazoifanya damu yake igande ovyo) abaki kwenye warfarini.

Ukisahau dozi?

Apiksabani: meza ukikumbuka, usirudishie mbili. Rivaroksabani ya mara moja kwa siku: meza siku ile ile, ikipita usiku wa manane, endelea na ya kesho tu. Katika siku 21 za kwanza unaweza kumeza 15 mbili kwa pamoja ili siku isipite bila 30.

Nalala kitandani au natembea?

Tembea, mara presha na oksijeni zikitulia. Kutembea hakukati bonge. Basi la Mwanza hadi Dar es Salaam au ndege ya kwenda Ulaya isubiri wiki za mwanzo zipite. Ukisafiri, shuka kila gari linaposimama, zungusha vifundo, kunywa maji, na usiache dozi kwa kuogopa kukojoa njiani (dawa hizi hazikojoshi).

Miezi 3 imepita na bado napanda ngazi kwa shida.

Usiambiwe ni woga tu. Kwa wagonjwa wachache bonge hugeuka kovu ndani ya ateri na shinikizo la mapafu hubaki juu. Ekho irudiwe, ikionyesha shinikizo, picha ya mgawanyo wa hewa na damu kwenye mapafu ndiyo inayotafuta tatizo hili vizuri zaidi kuliko CT. Likithibitika, upasuaji wa kukwangua kovu hilo unaweza kuliponya kabisa, na kwa asiyefaa kupasuliwa kuna kupanua mishipa kwa puto pamoja na kidonge cha riosiguati. Dawa ya kuzuia kuganda hapo haikatwi maisha yote.